Kanuni ya Maramba

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, mbele ya Pangani nzima, na spika ya mkononi ikiwa wazi. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani kwa mama mkwe huyohuyo, kwa hiyo nikikatiza ghafla mjue nimeitwa jikoni.

Kabla hamjaniuliza: hapana, leso haikunifunguka. Afadhali ingefunguka, ningeifunga yakaisha.

Wengi humu mnanijua kwa vitumbua vyangu pale Chumbageni. Msichokijua ni kwamba mie ni refa. Refa wa rede. (Wewe unayecheka, acha kwanza, hatujafika.) Naam, rede hiihii tuliyocheza utotoni. Siku hizi kina mama tumeirudia, tuna jezi, tuna ligi, tuna majeraha ya magoti. Kwa wale mliolelewa geti limefungwa niwaeleze: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, wanawalenga walioko katikati. Walioko katikati wanakwepa, na huku wanakwepa wanajaza chupa mchanga kwa mikono. Ukiguswa na mpira, nje. Chupa ikijaa, refa anapuliza filimbi, timu imepata chupa moja. Mwenye chupa nyingi ndo mshindi. Basi.

Inaonekana rahisi. Tatizo ni kwamba kila mji una rede yake. Chumbageni wana kanuni zao, Pangani wana zao, na kila wakikutana mechi inaishia kununiana mpaka Idi. Mwaka huu wamechoka. Wakakubaliana: mechi moja, leo, Pangani, na baada ya mechi wanyooshe mikono kuamua ligi moja na refa mkuu mmoja. Waliotajwa kwa urefa mkuu tulikuwa wawili. Mie, na Kocha Bakari.

Kocha Bakari anachezesha mpira wa miguu huku Pangani. Ana filimbi ya chuma, soksi mpaka magotini, na mdomo. Juzi alisema hadharani, "Rede ni mchezo wa watoto. Hauhitaji refa, unahitaji yaya."

Yaya! Mie niliyeandika kanuni kwenye daftari miaka sita, kwa mwandiko wangu, na rula!

Siwafichi, urefa mkuu ule niliutaka kwa moyo wote. Maishani nimeshachaguliwa kupika. Nimeshachaguliwa kukusanya michango ya harusi. Nimeshachaguliwa kukesha na wagonjwa. Kuamua, sijawahi kuchaguliwa hata siku moja.

Basi jana nikaja Pangani, nikalala kwa mama mkwe. Hapa pana jambo mlishike: mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, ndiye nahodha wa timu ya Pangani. Ana miaka sitini na kitu, mwembamba, na magoti yake ni mazima kuliko yangu. Leo asubuhi tumekaa ukumbini tunakunywa chai na muhogo wa nazi, akaniita.

"Zaina."

"Abee mama."

"Leo nikiguswa na mpira utanitoa?"

"Nitakutoa, mama."

Akaweka kikombe chini. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama."

Akanisogezea sahani. Mie macho nimeyaelekeza kwenye sahani.

"Haya. Kula muhogo."

(Mpaka sasa sijui kama nilishinda au nilishindwa. Nikala muhogo.)

Tukaswali alasiri, tukaenda uwanjani. Nimevaa suruali ya michezo, fulana nyeupe, ushungi mweusi umebanwa na pini nne, daftari kwapani, filimbi shingoni, spika ya mkononi nimeazima kwa watu wa matangazo ya mnada. Kiwanja kimejaa. Kina mama wa Chumbageni wameshuka na kosta yao, wanapiga vigelegele kama wameleta mahari. Mbele yao Tatu, nahodha wao. Tatu ni jirani yangu, anauza madera, na mkono wake wa kulia ukikulenga unasikia upepo kwanza halafu maumivu.

Hata salamu hatujamaliza. "Zaina, umelala wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yupi?"

Nikakohoa.

"Ooooh!" akasema Tatu, akawageukia wenzake. "Jamani, refa kalala kwa mchezaji! Na chai kanywa hukohuko!"

Tangu hapo sikuitwa jina tena. Nikipita, "refa wa mkwe." Nikiinama kupima mistari, "pima vizuri refa wa mkwe." Na kule pembeni Kocha Bakari amekaa kwenye kiti cha plastiki, filimbi yake ya chuma shingoni, anatabasamu. Nani kamwambia aje na filimbi?

Nikawaita manahodha. Nikafungua daftari. Ndo ikaanza kesi.

Kwanza nguo. Kwa Pangani, mpira ukigusa nguo umekugusa wewe. Kwa Chumbageni, nguo haihesabiki mpaka mpira ufike mwilini.

"Nguo ni mwili!" akasema Bi Mwanakombo. "Mtu anavaa dera la mita nyingi, mpira unapotelea humo ndani, halafu ati hajaguswa?"

"Nguo si mwili!" Tatu naye. "Sisi tunajisitiri, mama. Mnataka tuingie na vikaptula ndo mridhike?"

"Mie nimesema vikaptula?"

"Hujasema, lakini dera umelitaja wewe."

Pili, kudaka. Pangani, ukidaka mpira umenusurika, endelea kujaza chupa yako. Chumbageni, ukidaka mpira unamrudisha mmoja aliyetoka. Hapo nako wakapigana maneno mpaka muuza barafu akaja kusikiliza.

Mie nikapuliza filimbi. Nikashika spika. Nilikuwa nimejiandaa kwa dakika hiyo wiki nzima, mpaka mbele ya kioo nimeisema.

"Wapendwa wachezaji! Kipindi cha kwanza tutachezesha kwa kanuni za wenyeji. Nguo ni mwili, kudaka ni kunusurika. Kipindi cha pili, kanuni za wageni. Nguo si mwili, na anayedaka anarudisha mtu. Hakuna atakayeonewa. Kanuni zote ziko hapa." Nikajigonga kichwani. (Kwa nini nilijigonga kichwani? Shetani.) "Chumbageni naishi, Pangani nimeolewa, na rede nimeichezea Maramba nilikozaliwa, nikiwa tegemeo la timu ya shule!"

Makofi! Vigelegele! Hata Tatu akatikisa kichwa kwa kukubali. Nikamtupia jicho Kocha Bakari. Tabasamu limepungua. Nikasema moyoni, Zaina, kiti ni chako.

Kipindi cha kwanza kikaenda kama maji. Nguo ikiguswa, filimbi, nje. Mtu akidaka, filimbi, endelea. Nimewatoa wa Chumbageni, nimewatoa wa Pangani. Nimemtoa hata shoga yangu wa kikoba, akaniambia tutaonana. Mpaka mapumziko, kila timu chupa mbili. Sawa kwa sawa.

Kipindi cha pili, kanuni za Chumbageni. Chumbageni wakaingia kati kwanza, wakajaza chupa mbili nyingine, wakatolewa wote. Wana nne. Wakaingia Pangani. Wakajaza ya kwanza. Wakajaza ya pili. Nne kwa nne. Lakini Tatu akawaka. Mmoja begani, nje. Mmoja kiunoni, nje. Wakapukutika mpaka katikati akabaki mtu mmoja.

Bi Mwanakombo. Peke yake, dera la njano kalipandisha na kulifunga kwa leso, chupa mbele yake imeshapita nusu. Akiijaza, Pangani wameshinda. Akiguswa kabla, mechi imeisha sare na hakuna atakayelala.

Kiwanja kizima kimesimama. Bi Mwanakombo anachota mchanga, anainuka, anakwepa, anachota. Tatu akatupa. Mama akapinda mgongo. Mpira ukapita, ukaligusa pindo la dera. Pindo tu! Nikaliona likitikisika.

Na hapa ndugu zangu nataka mnielewe. Tangu nifike uwanjani naitwa refa wa mkwe. Nilikuwa na hamu, hamu kabisa, ya kuonyesha dunia kwamba mie sina mkwe uwanjani. Kabla akili haijafika, mkono umeshafika.

PYUUUU!

"NJE!"

Na kidole. Nimemnyooshea mama mkwe kidole, mkono wote umenyooka, mguu mmoja mbele. Mama mkwe! Mtu ambaye hata jina lake silitaji nikiwa mezani! Nikasikia watu wakivuta pumzi. Bibi mmoja akasema "Astaghafirullah" na akafunika uso wake kwa mtandio.

Bi Mwanakombo akasimama, mchanga unamdondoka viganjani. Hakukasirika. Hiyo ndo ilinitisha.

"Refa," akasema taratibu, "hiki kipindi cha ngapi?"

Cha pili.

Cha pili, kanuni za wageni, nguo si mwili. Nimetangaza mwenyewe, kwa spika, nikijigonga kichwa.

Wachezaji wa Pangani wameanza kupiga kelele, "Nguo si mwili! Nguo si mwili!" Hata wa Chumbageni, waliofaidika, wanatazama chini kwa haya. Nilitakiwa kusema neno moja tu: nimekosea. Mdomo ukafunguka. Macho yakamwangukia Kocha Bakari. Amesimama kwenye kiti chake cha plastiki, filimbi ameshaishika kwa vidole viwili, anaifuta na shati.

Nikafunga mdomo. Nikaufungua upya, nikainua spika, na nilichosema sikijui kilitoka wapi.

"Tulieni! Mchezaji akibaki peke yake uwanjani, nguo inahesabika. Hiyo ni kanuni ya Maramba."



Kwa nini Maramba? Kwa sababu Pangani nani anaijua rede ya Maramba? Huko ni Mkinga, milimani, kwa wakulima. Nikaona imekubalika. Watu wanatazamana, "Kumbe?" "Ipo hiyo?" Na mie nilivyo mjinga, badala ya kuishia hapo, nikaongeza.

"Inaitwa kanuni ya mtu wa mwisho. Tuliitumia tangu niko darasa la nne. Mimi mwenyewe ilinitoa mara mbili, nikatoka kwa adabu, sikulalamika!"

Tatu amekunja uso, anafikiri. Bi Mwanakombo ananitazama tu. Nikasema Alhamdulillah, limepita.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kwenye watazamaji.

"Zaina? Zaina binti wa fundi baiskeli?"

Nikageuka. Mama mmoja mnene, ungo wa karanga kichwani, anasogea huku anachekelea. Ule mwanya kwenye meno ya mbele nikautambua kabla sijatambua uso.

"Mie Magreti! Tumekaa dawati moja Maramba miaka mitano! Nimeolewa hapa Pangani, mwaka wa tatu sasa."

(Ardhi, nilikuita. Hukupasuka.)

"Magreti," nikasema. Spika iko mdomoni bado. Jina likaenda mpaka soko la samaki.

"Nimefurahi kukuona, mwenzangu. Lakini kanuni hiyo Maramba haipo."

"Labda umesahau..."

"Nisahau nini, na mie ndo nilikuwa nahodha? Haipo. Halafu hukutolewa mara mbili, Zaina. Wewe ulikuwa huchezi."

"Magreti..."

"Ulikuwa unatolewa kwa mpira wa kwanza, kila siku. Mwalimu akasema huyu tumpe kazi nyingine." Akawageukia watu, anawaeleza kwa upendo kabisa, hana hata chembe ya ubaya. "Huyu alikuwa mchota mchanga wetu. Anatuletea mchanga na ndoo. Mchanga mzuri, anauchekecha!"

Nyie.

Nyie, nimeshawahi kusikia watu wakicheka. Sijawahi kusikia mji ukicheka. Watu walishikana. Yule bibi aliyejifunika mtandio akaufunua ili acheke vizuri. Muuza barafu akakaa chini. Tatu ameinama, amejishika magoti, mpira umemdondoka. Na mie nimesimama katikati na fulana yangu nyeupe na pini zangu nne, filimbi inapanda na kushuka kifuani kwa jinsi ninavyohema.

Nikafikiria kukimbia. Haki ya Mungu nikapima umbali wa kufika stendi. Kisha nikamwona Bi Mwanakombo. Watu wote wanacheka, yeye hacheki. Amesimama palepale na mchanga viganjani, anasubiri aambiwe yumo au katoka. Ni mtu mzima, amekimbia na jua lote hili, na mie nimemnyang'anya haki yake ili nisionekane nampendelea. Nikaona aibu ya pili, ambayo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nikainua spika.

"Nimekosea," nikasema. Kicheko kikapungua. "Nguo si mwili, mchezaji hajatoka. Halafu baada ya kukosea nikadanganya. Kanuni ya Maramba hakuna, nimeitunga sasa hivi. Na mchanga ni kweli, nilikuwa nachota." "Mchezaji akivunja kanuni anatoka. Refa naye atoke. Natoka."

Nikapiga hatua, nikavuka mstari, nikaenda kukaa mchangani pamoja na wachezaji wa Pangani waliotolewa. Wakasogea kunipa nafasi. Mmoja akanipa maji. Nikalia kidogo, siwafichi hilo pia. Urefa mkuu nilishauaga.

Sasa Kocha Bakari alivyoingia! Hakuingia, alitumbuiza. Soksi kazipandisha, anakimbia kinyumenyume kama marefa wa kwenye televisheni.

"Haya kina mama, mchezo wa watoto huu, tuumalize upesi watu wakapike."

Bi Mwanakombo akamwangalia toka unyayo mpaka kofia.

"Mwanangu, nguo ni mwili au si mwili?"

"Eeh... nguo?"

"Mtu akidaka je?"

Kocha akavimbisha kifua. "Akidaka kwa mkono? Penalti!"

Basi kama kuna mtu alikuwa amebakiza kicheko, alikitoa hapo. Tatu akamwonyesha njia kwa mkono, kwa heshima kabisa. "Kocha, kiti chako kinakusubiri." Akarudi, soksi moja imeshashuka.

Uwanja ukabaki hauna refa. Tatu ameokota mpira lakini hatupi. Watu wanaulizana tunafanyaje. Jua linateremka, magharibi haiko mbali. Bi Mwanakombo akamwita Tatu.

"Mwanangu, hiki ni kipindi chenu. Kwa kanuni zenu, anayedaka anapata nini?"

"Anamrudisha mmoja aliyetoka, mama."

"Refa katoka au hakutoka?"

Tatu akatazama kule nilikokaa. "Katoka. Kavuka mstari mwenyewe."

"Basi tupa."

"Nitupe bila refa?"

"Tupa, na usinihurumie."

Tatu kumhurumia mtu? Akatupa kwa ule mkono wake wa kulia. Wa kwanza mama akaukwepa. Ukarudishwa toka upande wa pili, ukapita sikioni. Wa tatu ukaja wa moto, kifuani kabisa. Bi Mwanakombo hakukwepa. Akafungua mikono, akaupokea, puu! Akarudi nyuma hatua mbili, akayumba, akasimama. Kaudaka!

Pangani wakalipuka. Hapo nilipokaa wachezaji wote wakaruka juu, "Mie mama! Nirudishe mie!" Na kweli alihitaji mtu wa kumsaidia. Yuko peke yake, chupa haijajaa, na mkono wa Tatu ndo kwanza umepata joto. Akazungusha macho, akanyoosha kidole. Kama nilivyomnyooshea mie.

"Mchota mchanga. Arudi na filimbi yake."

"Mama!" wenzake wakalia. "Utabaki peke yako!"

"Nitabaki. Nikishaijaza chupa, nani atasema imejaa? Yule wa penalti?" Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Na huyu anadanganya vibaya sana. Hajui kabisa. Mtu kama huyu hawezi kuniibia hata akitaka."

(Sijawahi kusifiwa hivyo. Naomba msiniulize ilikuwaje nikajisikia vizuri. Nilijisikia vizuri.)

Nikainuka, nikajipangusa mchanga, nikaingia. Filimbi. Mchezo ukaendelea.

Bi Mwanakombo akachota, akakwepa, akachota. Mpira unapita, dera linatikisika, mie kimya, nguo si mwili. Akapiga goti, akamwaga gao la mwisho, kiganja tele, akainua chupa.

"Refa! Imejaa?"

Nikaenda. Nikapiga magoti. Kwa kanuni za Chumbageni mchanga ufike mdomoni mwa chupa. Nikaitazama, nikaigeuza, nikaitazama tena. Tatu ana mpira mkononi. Mama ananihemea usoni. Nikaomba nione vibaya, lakini niliona vizuri.

"Bado, mama."

"Bado?"

"Bado kidole kimoja."

Akanitazama. Nikasema leo sina pa kulala.

"Kidole chako au changu?"

"Changu, mama."

"Basi kinene," akasema, akainama kuchota.

Tatu akatupa. Mama akalala chini chali, chupa kaikumbatia. Mpira ukapita juu yake. Wa upande wa pili akatupa, mama akabiringika, gao la mchanga limo mkononi halijamwagika. Akakaa, akamimina, akapiga chupa kwa kiganja mara moja, akamimina uliobaki. Akainua.

Nikatazama. Mchanga uko mdomoni.

Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba. "IMEJAA! Chupa tano! Pangani!"

Siwezi kuwaeleza kelele zile. Bi Mwanakombo alibebwa. Mie nilibaki nimepiga magoti, chupa mkononi, na mbele yangu vikaja viatu vya Tatu. Nikainua kichwa polepole.

"Ungesema imejaa pale mwanzo," akasema huku anahema, "mpira ule ningekutupia wewe."

"Najua."

"Inuka basi, watu wanyooshe mikono."

Wakanyoosha. Ligi moja, wakakubali wote. Refa mkuu, likatajwa jina langu, na nyie, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Tatu. Ule wa kulia! Halafu Chumbageni wote. Halafu Pangani wote, Bi Mwanakombo kanyoosha yote miwili mpaka akaambiwa mmoja unatosha. Magreti akachaguliwa msaidizi wangu, kazi yake kusimama karibu na spika nikianza kutaja Maramba. Kocha Bakari? Alikuja mwenyewe, filimbi kaitia mfukoni, akaniomba daftari akalisome nyumbani. Nimempa. Nimemwambia alirudishe safi.

Nimeshasema nilitaka nini leo. Nimekipata. Nimekipata mbele ya watu wote walioniona nikidanganya, na bado wakanipa. Machozi yananitoka ninapoandika, msinijali.

Ila sasa mtaani nimekwisha. Tumerudi nyumbani, mtoto wa jirani kakataa kuoga, ati kanuni ya Maramba inasema kesho. Muuza barafu kaniuzia mbili kwa bei ya tatu, kanuni ya Maramba. Na dakika tano zilizopita mama mkwe kagonga mlango wa chumba hiki.

"Zaina."

"Abee mama."

"Wali tayari. Kwenu Maramba refa anakula na wakwe, au analetewa peke yake?"

"Anakula na wakwe, mama."

"Hiyo nayo umeitunga?"

"Nimeitunga, mama."

"Nzuri. Iandike."

Nakwenda kula. Najua mshaanza kutumiana hii habari, na sitawazuia. Chekeni. Mkimaliza kucheka, mtaniita Refa Mkuu.